Kimya cha kitanda namba nne: uchambuzi wa kisa cha mama aliyeshukiwa kupata kiharusi

Aliletwa kwa bajaji saa saba kasoro dakika kumi mchana, amebanwa katikati ya mumewe na wifi yake, kichwa kimemlalia wifi begani. Mume alishuka kwanza, akamshika mkono wa kulia, akavuta. Mkono ulimfuata kama kamba iliyolowa. Nilipiga kelele, "Baba, usivute mkono huo!" lakini nilikuwa nimechelewa. Naanzia hapo kwa sababu bega lile lilitusumbua wiki tatu nzima, na mwenye bega hakuwa na neno hata moja la kutuambia kwamba linauma.

Hii ilikuwa hospitali ya wilaya, mwambao wa Tanzania, nami nilikuwa muuguzi wa zamu ya mchana. Nimebadilisha mambo kadhaa ili mama huyu na jamaa zake wasitambulike. Kisa hiki nakiandika kwa wauguzi wenzangu, zaidi wale wa hospitali zisizo na mashine ya CT, ile inayopiga picha za ndani ya kichwa, na makosa nimeyaacha kama yalivyokuwa, yakiwemo yangu.

Alikuwa na miaka 44, mama wa watoto watano, muuza vitumbua mlangoni kwake. Wifi alimkuta saa mbili asubuhi yuko chini, kando ya jiko, mafuta bado yanachemka. Kutoka saa mbili hadi alipotufikia zilipita karibu saa tano: kuchuliwa mafuta ya karafuu, kumsubiri mume atoke baharini, kutafuta pesa ya usafiri. Simlaumu mtu kwa hilo. Nalitaja kwa kuwa ndivyo wagonjwa wetu wengi wanavyofika.

Dakika za kwanza

Njia ya hewa ilikuwa wazi, ila mate yalimtiririka pembe ya kulia ya mdomo. Tuliinua kichwa cha kitanda, tukamgeuza ubavu kidogo, tukafyonza mate. Oksijeni kwenye damu ilikuwa asilimia 96, kwa hiyo hatukumwekea mpira wa oksijeni. Huo tungeuhitaji kama ingeshuka chini ya 94. Joto 37.1. Sukari 7.9. Kipimo hiki cha sukari sikubali kirukwe kwa mgonjwa yeyote wa namna hii, maana sukari iliyoshuka inaweza kulegeza upande mmoja wa mwili na kufunga ulimi kama kiharusi chenyewe, nayo hurekebishwa kwa dakika chache. Yake haikuwa imeshuka, basi dripu ya sukari haikuwa na kazi kwake. Tulitundika maji ya chumvi, yakashuka taratibu.

Nilimwambia acheke, upande wa kulia wa uso ukabaki umelala. Nilimwambia anyanyue mikono, wa kushoto ukapanda, wa kulia ukatikisika kidole kimoja tu. Mguu wa kulia aliweza kuukunja ila hakuweza kuushikilia juu. Macho na kichwa vilikuwa vimeelekea kushoto, kana kwamba kuna mtu anamwita upande ule. Mboni zililingana. Na usemi wake wote ulikuwa silabi moja: "ta-ta, ta-ta."

Mashine ya presha ilisoma 176/98 na mapigo 84. Niliporudia, mapigo yakawa 112. Mara ya tatu, 97. Mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa nami alisema mashine imeharibika. Nikaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, nikahesabu dakika nzima. Mapigo yalikuja mawili ya haraka, moja likachelewa, matatu yakafuatana, yakanyamaza, yakaanza tena, bila mpango wowote. Ndipo mwanafunzi akasikiliza moyo kifuani huku mimi nimeshika mkono, tukahesabu pamoja kwa saa ileile ya ukutani. Kifuani 122, mkononi 98. Mapigo 24 yalikuwa yanaishia njiani kila dakika.

Mashine haikuwa na kosa. Vyumba vya juu vya moyo vilikuwa vinatetemeka badala ya kusukuma, na damu inayotuama ndani yake huganda. Kipande kikichomoka, mara nyingi huishia kwenye ubongo. Karatasi ya umeme wa moyo ilikuja kuthibitisha baadaye. Yule aliyehesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne asingejua lolote, na mgonjwa asingeweza kumwambia kwamba moyo unamwenda mbio.

Sasa kosa langu. Nilipojaza kipimo cha Glasgow, kile cha kupima fahamu, niliandika macho 4, usemi 2, mwitikio wa viungo 6, jumla 12. Pembeni nikaongeza neno moja: "amechanganyikiwa." Lakini mama huyu nilipomwambia afumbe macho, alifumba. Nilipomwambia atoe ulimi, aliutoa, ukapinda kulia. Mtu aliyechanganyikiwa hafuati maagizo namna hiyo. Alichokuwa nacho ni afasia: ubongo umepoteza njia ya maneno, akili iko macho nyuma ya pazia. Nilipaswa kuandika "hawezi kutoa maneno, anaelewa amri fupi," na kuacha namba ya usemi ikiwa na maelezo hayo ubavuni. Kumi na mbili tupu humwambia anayesoma kwamba fahamu zimeshuka. Neno lile moja lilimgharimu usiku mzima, kama nitakavyoeleza.

Saa kumi na moja ya nani?

Fomu ya mapokezi ilisema dalili zilianza "11:00". Daktari wetu aliisoma, akaangalia saa yake, akakimbilia simu. Kwa hesabu hiyo mgonjwa alikuwa na chini ya saa mbili, na dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu mgonjwa aonekane mzima mara ya mwisho. Hospitali ya rufaa ilisema mleteni mbio.

Kitu kimoja kilinikwaza. Wifi alisema alimkuta chini saa mbili asubuhi. Angeangukaje saa tano? Nikamfuata mume.

"Baba, umewaambia mapokezi saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, sista. Nilimwacha mzima kabisa, nikaenda msikitini."

"Saa kumi na moja alfajiri?"

"Ya adhana, ndiyo. Sasa ipi nyingine?"

Yeye alitaja saa kwa Kiswahili, karani akaiandika kwa tarakimu kama alivyoisikia, daktari akaisoma kwa Kiingereza. Saa kumi na moja alfajiri ni 05:00. Tofauti ya saa sita, na hakuna aliyesema uongo. Dawa ile ikitolewa nje ya muda wake, hatari ya kuvuja damu kichwani huizidi faida yake. Tangu siku hiyo naandika saa kwa namna zote mbili, tarakimu na maneno, na ninataja alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku hata kama naona inajulikana. Nawaomba wenzangu wafanye hivyo kwenye kila fomu ya rufaa. Lugha yetu huanza kuhesabu siku jua linapochomoza, na mashine zetu huanza usiku wa manane. Anayeumia ni mgonjwa asiyeweza kusahihisha.

Sikuishia hapo. Tunachotafuta ni mara ya mwisho alipoonekana mzima, na kati ya 05:00 na 08:00 huenda kulikuwa na shahidi mwingine. Mume alikumbuka kwamba watoto wa jirani hununua vitumbua wakienda shule. Tulimpigia jirani, naye akampa simu mwanawe wa miaka tisa, aliyekuwa amesharudi. Ndiyo, alinunua saa kumi na mbili na nusu. Mama alikuwa amekaa pale pale pa siku zote. Alimpa vitumbua na chenji. "Alinipa chenji kwa mkono wa kushoto," mtoto akasema, kwa sauti ya mtu anayeshitaki. Nikamshukuru, nikakata simu, nikaandika: mara ya mwisho kuonekana mzima, 06:30, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Daktari aliwapigia tena hospitali ya rufaa. Dawa ile ikaondoka kwenye mazungumzo, na kwa kuwa gari la wagonjwa lilikuwa limetoka na mama mwenye uchungu pingamizi, safari ya CT ikapangwa kesho yake.

Tulichomnyima

Mchana ule kazi yangu kubwa ilikuwa kuzuia. Wifi alishafungua chupa ya chai. Tabibu wa zamu, kijana mwenye moyo wa kazi, alishachukua kidonge cha nifedipini cha kuweka chini ya ulimi ili presha ishuke. Aspirini ilikuwa kwenye pochi ya wifi. Vyote vitatu vilitoka kwa watu waliomtakia mema.

Kuhusu presha, nilimwomba tabibu tumsubiri daktari, na daktari alikubaliana nami. Mshipa wa ubongo ukiziba, katikati ya eneo lake chembe hufa upesi, lakini pembeni kuna sehemu iliyo hoi na bado hai, inayopata damu kidogo kwa njia za kando. Presha iliyopanda ndiyo inayoisukuma damu hiyo ifike. Ukiiangusha ghafla, na nifedipini ya chini ya ulimi huiangusha bila kiasi, unaikausha sehemu ambayo ingeweza kupona. Kwa mgonjwa wa mshipa ulioziba asiyepewa dawa ya kuyeyusha damu, presha huachwa mpaka ivuke 220/120, isipokuwa kuna dharura nyingine kama moyo kushindwa kazi. Kama ni damu imevuja kichwani hesabu hubadilika, na dalili za nje hazitoshi kutofautisha hayo mawili. Aspirini nayo ilisubiri CT kwa sababu hiyohiyo.

Chai ilihitaji mtihani. Saa tisa alasiri tulimkalisha wima, akiwa macho kabisa, nikasafisha kinywa. Kabla ya kumpa chochote nilimwacha atoe ile "ta-ta" yake nikaisikiliza vizuri, kwani ndiyo sauti pekee niliyokuwa nayo ya kulinganisha. Kijiko kimoja kidogo cha maji: koo lilichelewa kupanda, likapanda. Cha pili: hakukohoa, uso ulitulia, wifi akatabasamu. Nikamwomba aseme tena. "Ta-ta" ikatoka na mchuruziko ndani yake, kama anaongea akisukutua. Nikasimamisha. Maji yalikuwa yamekaa juu ya nyuzi za sauti, na kikohozi cha kuyafukuza hakikuja. Mgonjwa wa namna hii humtisha muuguzi kuliko yule anayepaliwa na kukohoa wodi nzima isikie, maana huyu huingiza maji kwenye mapafu kimya kimya. Nikaandika bango kubwa juu ya kitanda: ASIPEWE CHOCHOTE KWA MDOMO.

Huko New South Wales, Australia, Sandy Middleton na wenzake walifanya utafiti katika wodi 19 za kiharusi, wauguzi wa baadhi yake wakifuata utaratibu wa mambo matatu tu kwa saa 72 za mwanzo: homa, sukari na kumeza. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Siku 90 baadaye, waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 42 kwenye wodi zilizofuata utaratibu, na 58 kwenye zile nyingine. Kipimajoto, kidole cha kutoboa na kijiko cha maji. Hata sisi tunavyo.

Usiku wa kwanza

Nilikabidhi zamu saa mbili usiku. Asubuhi nilimkuta amelala usingizi mzito, kachomwa sindano ya diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi. Taarifa ya usiku ilisema: anasumbua, anavua nguo, ameng'oa dripu, anajikojolea, amechanganyikiwa. Neno langu, limerudi kwangu.

Nilifunua shuka. Zilikuwa zimelowa, kweli. Nikaweka kiganja juu ya tumbo la chini, nikakuta donge gumu la duara limefika kitovuni. Tulipitisha mpira wa mkojo, zikatoka mililita 900. Kibofu kilikuwa kimejaa mpaka kinafurika matone, na matone ndiyo yaliyolowesha shuka. Usiku kucha mkono wake mzima ulikuwa unavuta gauni na kupiga tumbo. Alikuwa anatuambia. Muuguzi wa usiku, mwenye wagonjwa 31 peke yake, alisoma faili langu na kuamini kwamba huyu hajui afanyalo.

Mpira hatukuuacha ndani. Mpira unaokaa siku nyingi hukaribisha maambukizi, na kibofu husahau kazi. Tulimwekea ratiba ya sufuria ya kitandani kila saa tatu, muuguzi akipapasa tumbo kabla na baada, na mpira wa kuingiza na kutoa pale tu mkojo ulipobaki. Siku ya tano alikuwa anakojoa mwenyewe. Neno "anasumbua" tuliliondoa kwenye taarifa za kukabidhiana zamu. Badala yake mtu aandike mkono ulikuwa unafanya nini.

Diazepamu ilitupotezea nusu siku. Kwenye gari la wagonjwa nilikaa kichwani kwake njia nzima, nimemlaza ubavu, nikihesabu pumzi.

Majibu, na sindano zilizoachwa

CT haikuonyesha damu. Ilionyesha eneo jeusi kubwa upande wa kushoto, kwenye himaya ya mshipa wa kati wa ubongo, palepale panapotunzwa maneno na mkono wa kulia. Picha ya moyo ilionyesha vali ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, imekuwa nene na mlango wake umekuwa mwembamba. Hapo ndipo wifi alipokumbuka. Mimba ya mwisho mama alikuwa anahema sana, akaambiwa ana moyo, akaandikiwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne. Alichoma kwa mwaka mmoja, akajisikia vizuri, akaacha. Sindano ile haikuwa ya kutibu kuhema. Ni ya kuzuia homa ya baridi yabisi isirudi kuila vali zaidi. Inaelekea hakuna aliyemweleza hivyo, au alielezwa akiwa na mtoto mchanga mgongoni na foleni nyuma yake. Wengi huhesabu kiharusi kuwa ugonjwa wa wazee wenye presha. Kwetu, mwanamke wa umri wa kati mwenye mapigo yasiyo na mpangilio yafaa aulizwe kuhusu utotoni: maumivu ya koo, maungio kuvimba na kuhamahama, sindano za kila mwezi.

Aspirini ilianza jioni ile, imesagwa, kupitia mpira wa puani. Uji mwepesi nao ulipita humo, mgonjwa akiwa ameinuliwa na kubaki hivyo nusu saa baada ya kulishwa.

Kombe

Siku ya tatu alfajiri joto lilipanda hadi 38.4, na chini ya pafu la kulia kukawa na mchakacho. Tulimpa parasetamoli mara moja, kwani homa huuongezea ubongo njaa, na daktari akaanzisha antibayotiki. Mpira wa puani ulikuwa mahali pake. Nilijua kuna kitu kimepita mdomoni.

Sikuuliza mbele ya watu. Nilikaa na wifi kwenye benchi la nje, nikamwambia simtafuti mkosaji, natafuta njia ya kumtibu. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba nyumbani wazee wameona hili ni jambo la jini wa baharini, sheikh ameandika kombe, yaani aya zilizoandikwa kisha zikaoshwa kwa maji ya kunywa, naye alimnywesha funda tatu usiku wa pili bango likiwa juu ya kichwa chake. "Hakupaliwa hata kidogo, sista. Ningejua angepaliwa nisingempa."

Ndivyo ilivyo. Hakupaliwa kwa sababu koo lilikuwa halina habari. Nilimweleza kuhusu ule mchuruziko wa sauti, nikamwomba aje na sheikh. Mzee yule alinisikiliza kwa utulivu, akasema kombe laweza kupakwa. Kuanzia siku hiyo alisoma dua kando ya kitanda kila baada ya alasiri, akampaka paji la uso na mkono wa kulia, na kinywa kikabaki cha muuguzi. Udi tulikubaliana ufukizwe nyumbani. Nimewaona wenzangu wakifukuza visomo wodini, na nimeona kinachofuata: mgonjwa hutoroshwa usiku. Jamaa wa mama huyu walibaki, na wifi akawa mtunza bango mkali kuliko sisi.

Marahaba

Siku ya nne asubuhi mwanafunzi wetu aliingia na beseni la maji, akasema kama alivyolelewa, "Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu kitanda namba nne. Neno kamili, lafudhi ya pwani, hata tabasamu la upande mmoja.

Wodi ililipuka. Mume alilia. Lakini jioni furaha iligeuka. Wifi wa pili, aliyekuja kutoka shamba, alimuuliza mgonjwa jina la mwanawe wa kwanza, akapata "ta-ta". Akauliza tena na tena, na mgonjwa akaanza kutokwa na machozi. "Kumbe anaweza kuongea akitaka," akasema. Na kwenye faili nilikuta mtu ameandika "anaongea vizuri".

Salamu haitoki mahali pamoja na maneno ya kutafuta. Maneno tuliyoyarudia tangu utotoni, kama shikamoo na marahaba, kuhesabu moja hadi kumi, bismillahi, huweza kutoka yenyewe kwa mtu ambaye hawezi kutaja jina lake. Nilikusanya familia nikawaonyesha: nilianza "moja, mbili," naye akaendelea mpaka kumi bila kukwama. Nikamwonyesha vidole vitatu, nikauliza ni vingapi. Hakuweza. Wote waliona jasho kwenye paji lake. Hakuna aliyesema tena kwamba anajifanya.

Tukatafuta njia ya ndiyo na hapana. Mwanzoni alitikisa kichwa kukubali kila kitu, hata nilipomuuliza kama yeye ni mwanaume, kwa hiyo jibu lake la "ndiyo" halikuwa na maana bado. Tulitumia kidole gumba juu au chini, swali fupi moja kwa wakati, na kila jambo zito tuliliuliza pande mbili: unaumwa? huumwi? Majibu yakikubaliana, tunayaamini. Mwanafunzi alichora kwenye kadi sufuria ya kitandani, kikombe, blanketi, uso unaolia. Kadi ya kwanza aliyoigusa ilikuwa uso unaolia, kisha akaupeleka mkono wa kushoto kwenye bega la kulia. Siku nne.

Kichwa cha mfupa kilikuwa kimeshuka kidogo kwenye tundu lake, kwani misuli iliyolegea haishikilii, na mvuto wa bajajini, na wetu wa kumgeuza, uliongeza. Tulifundisha kila mtu, jamaa na wauguzi, kumshika nyuma ya bega na kiunoni. Mto chini ya mkono akiwa kitandani na akiwa kitini. Kugeuzwa kila saa mbili, hata kulalia upande dhaifu, bega likivutwa mbele lisikandamizwe. Mumewe ndiye aliyejifunza vizuri kuliko wote.

Kwenda nyumbani

Koo lilirudi taratibu. Siku ya kumi alimeza uji mzito bila mchuruziko, ya kumi na mbili tukatoa mpira. Dawa ya kuzuia damu kuganda daktari bingwa aliichelewesha hadi siku ya 13, kwa kuwa eneo lililokufa lilikuwa kubwa na lingeweza kuvuja. Ilikuwa warfarini. Jamaa mmoja mwenye uwezo aliuliza kama kuna dawa mpya isiyohitaji kupimwa damu kila mara, na swali lake lilikuwa la haki. Ila kwa moyo wa baridi yabisi wenye mapigo ya namna hii, utafiti wa INVICTUS uliotoka 2022 ulionyesha walio kwenye rivaroksabani, mojawapo ya dawa hizo mpya, walifanya vibaya kuliko walio kwenye dawa ya zamani.

Warfarini inamhusu mpishi. Vitamini K ya mboga za majani hupingana nayo, na huku kwetu sahani bila mchicha, matembele au kisamvu si sahani. Sikumkataza mboga. Nilimwambia wifi apike kiasi kilekile kila siku, asije akala kisamvu wiki nzima kisha akakaa wiki bila. Dawa za maumivu za dukani na za miti shamba zisiingie bila kuuliza. Sindano ya penisilini ilirudi, tarehe zikaandikwa kwenye kalenda ya ukutani ya mumewe, ileile anayoandikia bamvua na maji mafu.

Alitoka siku ya 19, akitembea kwa kushikwa, na kipimo cha kuganda kwa damu, INR, kikiwa 2.1.

Wiki sita baadaye alikuja kliniki. Alikuwa na maneno labda ishirini. Mumewe alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mkono wake chini ya bega la mkewe, mahali panapotakiwa. Nilikuwa na swali lililokuwa linanisumbua, nikamuuliza polepole: siku ile, mkono ulianza kuwa mzito saa ngapi?

Alifikiri. Kisha akafanya kama alivyojifunza kufanya anapotafuta namba, akaanza kutoka mwanzo kwa sauti. "Moja. Mbili. Tatu." Nilimsubiri. "Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili." Akasimama. Akanitazama, akagonga meza.

"Saa kumi na mbili? Kabla ya mtoto kununua vitumbua?"

Kidole gumba juu. Nikauliza kwa upande wa pili: baada ya mtoto? Kidole gumba chini. Halafu akanyoosha mkono wa kushoto mbele yangu, kiganja juu, kama anayetoa chenji.

Mtoto wa miaka tisa alikuwa ameniambia. Mama wa pwani hampi mtoto wa jirani kitu kwa mkono wa kushoto, na yule mtoto alishangaa kiasi cha kushitaki, nami nikashukuru na kukata simu. Nilifungua faili kwenye ukurasa wa kwanza, nikapiga mstari juu ya 06:30, nikaweka sahihi na tarehe, nikaandika kando: mara ya mwisho kuonekana mzima, 05:00, saa kumi na moja alfajiri, kwa maelezo ya mume.